DAMU NDANI YA JICHO LA MTOTO: USINGOJEE KESHO



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya kaske, viatu vya chuma, vumbi la mawe na aksida za kazi. Leo tunatoka kwenye shimo na kuingia katika uwanja wa nyumba yako. Sababu ni hii: mfanyakazi anapopasua mawe anavaa miwani ya usalama, lakini mtoto wake anayecheza karibu na rundo la mawe hana miwani. Jiwe likiruka halimwulizi mtu kama ni mfanyakazi au ni mtoto.

Mtoto akipigwa jichoni, mara nyingi wazazi wanangojea. Wanasema: "Jicho halijapasuka, anaona kidogo, kesho litapona." Pengine ni kweli. Lakini kuna damu moja inayotokea ndani ya jicho, na damu hiyo inaweza kumpofusha mtoto kwa siku chache tu, hata kama kwa nje jicho linaonekana zima. Soma makala hii polepole, kisha msomee bibi yako, au bibi akusomee wewe. Wasomeeni hata watoto wakubwa, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaokuwa na mdogo wao wakati aksida inapotokea.

JICHO LIMEJENGWA NAMNA GANI

Jicho ni kama nyumba ndogo yenye vyumba. Mbele kuna kioo kinachong'aa, chembamba sana, karibu nusu milimeta katikati. Nyuma ya kioo hicho kuna ile duara yenye rangi, na katikati yake kuna tundu jeusi tunaloliita mboni. Kati ya kioo na ile duara yenye rangi kuna chumba kidogo kilichojaa maji safi. Maji hayo ni machache, kwa mtu mzima ni kama robo ya mililita, yaani matone machache tu.

Maji hayo hayatulii. Jicho linatengeneza maji mapya mchana na usiku, na maji ya zamani yanatoka kwa mfereji mwembamba ulio pembeni, pale kioo kinapokutana na ile duara ya rangi. Kama maji yanayoingia na yanayotoka ni sawasawa, tansio ya jicho inakaa vizuri. Ndiyo, ndugu, jicho nalo lina tansio yake, na si ile ya mkono ambayo munganga anapima.

Nyuma kabisa ya jicho kuna pazia jembamba linaloitwa retina. Hilo ndilo linalopokea picha na kuipeleka katika ubongo kwa njia ya mshipa wa kuonea. Mshipa huo ukifa, haufufuki. Hakuna miwani, hakuna dawa, hakuna operesheni itakayourudisha. Shika neno hilo, maana ndilo sababu ya haraka yote tunayokuomba.

DAMU YA NJE NA DAMU YA NDANI

Usichanganye damu mbili.

Damu ya nje inakaa juu ya sehemu nyeupe ya jicho. Inaonekana nyekundu sana, kama mtu amemwaga rangi, na inawatisha watu. Inaweza kutokea kwa pigo dogo, kwa kukohoa sana kama mtoto mwenye kifaduro, au kwa kutapika kwa nguvu. Mtoto mchanga anaweza kuzaliwa nayo kwa sababu ya kubanwa wakati wa kuzaliwa. Kama mtoto anaona vizuri, hana maumivu makali, hana homa, na hakupigwa na kitu kikali, damu hiyo kwa kawaida inaisha yenyewe kwa wiki mbili hivi, kama vile ngozi iliyovilia damu inavyopona.

Damu ya ndani ni nyingine. Inaingia katika kile chumba cha maji, nyuma ya kioo. Mara nyingine ni kidogo, maji yanakuwa na ukungu tu na mtoto anasema anaona kama katika moshi. Mara nyingine inateremka na kukaa chini, na ukimweka mtoto akae wima utaona mstari mwekundu uliolala mbele ya ile duara ya rangi, kama mafuta yaliyobaki chini ya chupa. Mara nyingine chumba chote kinajaa na jicho linakuwa jekundu tupu au jeusi.

Hapa watu wengi wanadanganyika. Damu ya nje inatisha na mara nyingi si kitu. Damu ya ndani pengine ni mstari mdogo usioonekana mpaka uangalie kwa taa, na hiyo ndiyo ya hatari. Tena, mtoto akilala chali damu inatawanyika na mstari hauonekani. Mwangalie akiwa amekaa.

Neno moja juu ya macho mekundu pamoja na homa. Kama mtoto au mtu mzima ana macho mekundu na homa kali, tena anatoka damu kwenye fizi, puani au anatapika damu, na hakuna aliyempiga, hiyo si habari ya jiwe. Katika nchi hii yetu tumekwisha kuona magonjwa ya namna hiyo. Durba, upande wa Watsa, ugonjwa wa Marburg uliwakamata wachimbaji wa dhahabu kuanzia mwaka 1998 mpaka 2000 na kuua watu 128. Ebola iliingia Ituri katika epidemi ya miaka 2018 mpaka 2020. Mtu kama huyo usimshikeshike kwa mikono mitupu. Pasha kituo cha afya habari upesi, nao watakuambia la kufanya.

DAMU YA NDANI INATOKA WAPI

Kwa mtoto, karibu kila mara inatoka kwa pigo. Kitu kinagonga jicho, jicho linabonyea mara moja, na mishipa midogo ya ile duara ya rangi inapasuka. Tuhesabu vitu hivyo kama tunavyoviona katika kartie zetu:

Jiwe la manati. Watoto wanawinda ndege, na jiwe linampata mwenzao.

Kipande cha jiwe kinachoruka pale mawe ya dhahabu yanapopondwa kwa nyundo au kutwangwa kwa chuma. Kina mama wengi wanafanya kazi hiyo huku mtoto amekaa kando yao. Kipande kidogo kama punje ya mchele kinaweza kutoboa kioo cha jicho na kubaki ndani.

Mpira wa kufungia mizigo kwenye kinga au pikipiki. Unavutwa kwa nguvu zote, kisha unaponyoka mkononi. Mtoto aliyesimama ng'ambo ya pili akishika mzigo ndiye anayepigwa, tena usoni.

Fimbo, mkanda na kofi. Tuseme kweli, ndugu. Baba anayempiga mtoto kwa mkanda hataki kumpofusha, lakini ncha ya mkanda haijui baba anataka nini. Mtoto anageuza kichwa kukwepa, na pigo la mgongo linakuwa pigo la jicho. Hata masomoni ni hivyo hivyo.

Detonateri. Vile vibomba vidogo vya kuwashia baruti, vyembamba kama kalamu fupi, vinang'aa na kuwapendeza watoto. Mtoto anakiokota, anakigonga kwa jiwe au kukitia motoni. Hapo hapotei jicho tu, vinapotea vidole na pengine uhai.

HATARI MBILI ZINAZOKUJA BAADAYE

Utauliza: damu kidogo ndani ya jicho inadhuru nini, nayo itakwisha? Ni kweli kwamba kwa watoto wengi inakwisha yenyewe kwa siku chache. Lakini kabla haijakwisha inaweza kuleta mambo mawili.

La kwanza ni tansio. Chembe za damu zinaziba ule mfereji mwembamba. Maji yanaendelea kutengenezwa lakini hayapati njia ya kutoka. Tansio inapanda, na mshipa wa kuonea unabanwa mpaka unakufa. Mtoto mwenye tansio kubwa ya jicho anaumwa jicho na kichwa, anatapika, hataki kula, analala ovyo. Angalia mtego huu: mzazi anaona mtoto anatapika na kusinzia, anasema ni malaria au ni tumbo, anampa dawa ya malaria, na jicho linakufa nyumbani. Pengine kusinzia huko kunatoka kwa pigo la kichwa lililompata pamoja na jicho. Kwa njia zote mbili mahali pake ni kwa munganga.

La pili ni kutoka damu mara ya pili. Mshipa uliopasuka unazibwa na donge la damu. Kati ya siku ya 2 na ya 5 donge hilo linaanza kulegea. Mtoto anajisikia mzima, anakimbia, anapiga mpira, na mshipa unafunguka tena. Damu hiyo ya pili mara nyingi ni nyingi kuliko ya kwanza. Ndiyo sababu mtoto aliyeonekana anapona siku ya Jumatatu anaweza kupoteza jicho siku ya Alhamisi.

Tena kuna jambo la tatu kwa watoto wadogo. Damu nyingi pamoja na tansio kubwa inaweza kupaka kioo cha mbele rangi ya kutu, na rangi hiyo inakawia miezi mingi kutoka. Mtoto mwenye chini ya miaka 7 au 8 bado anajifunza kuona. Jicho likifungwa na rangi hiyo muda mrefu, ubongo unalisahau na kutumia lile lingine tu. Siku kioo kitakapokuwa safi, jicho litakuwa zima lakini halitajua kazi yake.

MTOTO MWENYE DAMU YA SS: HARAKA MARA MBILI

Hapa tunaomba masikio yako yote, kwa maana jambo hili linagusa nyumba nyingi za nchi yetu.

Unajua ugonjwa wa SS. Chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni mviringo na laini, zinajikunja kama mundu zinapokosa hewa ya kutosha. Munganga Herrick wa Chicago aliandika habari ya chembe hizo mwaka 1910, lakini wazee wetu waliujua ugonjwa wenyewe zamani, kwa maumivu ya mifupa na watoto wasiokua. Mtu aliyepata urithi huo kutoka kwa baba na mama pia ni SS, naye anaugua. Aliyeupata kwa mzazi mmoja tu ni AS. Huyo haugui, anafanya kazi, anacheza mpira, pengine hajui kabisa kwamba anao.

Watu wa AS ni wengi kwetu. Mwaka 1949 wanganga Lehmann na Raper walitoa habari ya watu waliopimwa Uganda. Katika Bwamba, pale ng'ambo ya mto Semliki, si mbali na mpaka wetu, waliona watu wapatao 45 kwa kila 100 wana chembe hizo. Mwaka 1954 Allison alionyesha sababu: mwenye AS anakingwa kidogo na malaria kali, na kwa hiyo urithi huo umeongezeka mahali palipo na malaria nyingi.

Sasa sikia ubaya wake katika jicho. Maji ya kile chumba cha mbele yana hewa kidogo. Damu ya SS au AS ikimwagika humo, chembe zinajikunja na kuwa ngumu. Chembe laini zingeweza kupenya katika mfereji, lakini chembe ngumu zinaukwama kama mawe kwenye bomba la kuoshea dhahabu. Tansio inapanda hata kama damu ni kidogo. Tena mshipa wa kuonea wa mtoto huyo hauvumilii tansio ambayo jicho la mtoto mwingine lingeivumilia. Kwa mtoto mwingine wanganga wanaweza kungojea siku kadhaa wakijaribu dawa. Kwa mtoto wa SS au AS, tansio ikipita 24 kwa siku moja nzima, wanafikiria kuosha damu hiyo kwa operesheni. Hata dawa moja ya kushusha tansio, inayoitwa asetazolamide, inaweza kuongeza kujikunja kwa chembe, na munganga anapaswa kujua kabla hajaitoa.

Kwa hiyo, ukifika hospitalini, sema neno hili bila kuulizwa: "Mtoto huyu ni SS," au "kwetu kuna SS," au "hatujui, tunaomba apimwe." Kipimo cha Emmel kinataka tone moja tu la damu. Hakitenganishi SS na AS, lakini kinaonyesha kama chembe zinajikunja, na hilo ndilo munganga wa jicho anataka kujua kwanza.

FANYA HIVI

1. Mkalishe mtoto. Mtulize. Usimlaze chali wala kifudifudi. Akilala, kichwa kiwe juu, na mito miwili au nguo zilizokunjwa mgongoni, ili damu iteremke chini na kuacha mboni wazi.

2. Funika jicho na kitu kigumu kisichogusa jicho lenyewe. Kata kitako cha kikombe cha karatasi, au kunja karatasi ngumu kama koni. Ukingo wake ukae juu ya mfupa wa nyusi na mfupa wa shavu. Ufunge na bande au kitambaa safi. Kazi yake ni kuzuia mkono wa mtoto, si kubana.

3. Kama anaumwa, mpe parasetamoli kwa kipimo cha umri na kilo zake.

4. Mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Kama jicho limepasuka, mboni imekuwa kama tone badala ya duara, au kitu kama ute kinatoka, usingojee hata saa moja.

5. Njiani mtoto akae wima katikati ya watu wawili, asiguswe jicho. Anayetoka Mongbwalu ana njia ya kilometa zipatazo 80 mpaka Bunia, na barabara inatikisa. Mwambie dereva aende polepole. Afadhali kufika jioni salama kuliko kufika mchana na damu mpya.

USIFANYE HIVI

Usimpe aspirini. Aspirini inazuia damu kuganda, na ule mshipa utafunguka tena. Dawa za maumivu za jamaa ya ibuprofeni nazo ziache. Kama vidonge vya sokoni havina jina, usimpe.

Usitie kitu katika jicho: maziwa ya mama, mkojo, maji ya majani, tumbako, asali, unga wa vidonge. Hatuwadharau wazee. Majani mengi yana faida yake. Lakini jicho lililopigwa pengine lina tundu usiloliona, na kila kitu unachotia kinaingia na vijidudu vyake.

Usinunue matone ya macho dukani kwa kusema "hata jirani aliyatumia." Kuna matone yanayosaidia jicho moja na kuharibu lingine.

Usisugue, usibonyeze, usiweke barafu kwa kukandamiza. Kama kipande cha chuma au jiwe kimesimama ndani ya jicho, usikitoe. Kazi hiyo ni ya munganga.

HOSPITALINI WATAFANYA NINI

Ni vizuri ujue, usije ukakasirika ukisema, "Nimesafiri mbali na wamemlaza tu." Kulala ni dawa.

Munganga ataangalia jicho kwa taa, atapima kuona kwa kila jicho peke yake, na atapima tansio ya jicho kama jicho halikupasuka. Pengine atatia matone ya kupanua mboni, ili ile duara ya rangi ipumzike, na matone ya kupunguza uvimbe. Tansio ikipanda atatoa dawa ya kuishusha. Kama haishuki, au damu imejaa na haipungui, itabidi kufungua tundu dogo na kuosha damu. Zamani watoto hawa walifungwa macho yote mawili na kulazwa kitandani siku nyingi bila kusogea. Siku hizi hawafungwi hivyo. Mtoto anaweza kutembea polepole ndani ya nyumba, lakini asikimbie, asibebe maji, asicheze mpira.

Kama munganga amekuruhusu kurudi nyumbani, hakuna kazi ya nguvu wala michezo mpaka aseme, na hasa katika zile siku 5 za kwanza. Mrudishe kila siku aliyokuambia, hata kama jicho linaonekana safi. Ukiona maumivu yamerudi, anatapika, au kuona kunapungua, nenda siku hiyo hiyo, usingojee tarehe ya karata.

Tena, baada ya kupona, apimwe tansio ya jicho mara moja kila mwaka. Pigo linaweza kurarua ule mfereji bila kuonekana, na tansio ikapanda miaka mingi baadaye, pengine mtoto akiwa mtu mzima. Tansio hiyo haiumi. Inakula kuona kidogo kidogo mpaka siku mtu anajigonga mlangoni.

DAMU USIYOIONA: ILE YA MALARIA

Kuna damu nyingine ndani ya jicho la mtoto, na hii haina jiwe wala fimbo. Inakaa nyuma, juu ya lile pazia la retina, na huwezi kuiona kwa macho yako.

Malaria inapopanda kichwani, mtoto anapoteza fahamu na kutetemeka. Wakati huo chembe za damu zenye vijidudu vya malaria zinaziba mishipa midogo ya ubongo. Retina ni ndugu wa ubongo, na mishipa yake inazibwa namna ile ile. Munganga akitazama kwa taa ndani ya mboni anaweza kuona mabaka meupe, mishipa iliyobadilika rangi, na madoa ya damu.

Katika mji wa Blantyre, Malawi, wanganga walichunguza watoto 31 waliofariki na ambao wote walisemekana wamekufa kwa malaria ya kichwa. Habari ilitolewa mwaka 2004. Watoto 7 kati yao hawakuuawa na malaria, walikuwa na ugonjwa mwingine. Na alama iliyotenganisha vizuri zaidi watoto hawa na wale ilikuwa ni ile ya nyuma ya jicho. Jicho likawa dirisha la kuangalia ubongo.

Wewe mzazi unajifunza nini hapo? Kwanza, munganga akitia matone na kuangalia macho ya mtoto aliyezimia kwa malaria, usishangae wala usikatae. Anatafuta ukweli. Pili, madoa hayo ya damu kwa kawaida yanafutika yenyewe mtoto akipona malaria, wala hayataki matone. Kinachoua ni malaria yenyewe, na dawa yake ni sindano ya artesunate. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwa watoto 5,425 wa nchi 9 za Afrika, na Kongo yetu ndani yake, kwamba sindano hiyo inaokoa watoto wengi kuliko kinini. Tatu, ingawa macho yamepona, mtoto aliyepita katika malaria ya kichwa apimwe kuona na kusikia kabla hajarudi masomoni.

MTOTO MCHANGA HATIKISWI

Neno la mwisho ni kwa baba na mama waliochoka. Umetoka kazi ya usiku, mtoto analia, hanyamazi. Usimshike mabega na kumtikisa. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito na shingo yake haina nguvu. Ubongo unagonga mfupa, mishipa inakatika, damu inamwagika katika ubongo na juu ya retina ya macho. Kwa nje hakuna alama hata moja. Ukiona hasira inapanda, mlaze mtoto chali mahali salama, toka nje, vuta pumzi, mwite jirani au nyanya. Mtoto aliyelia dakika kumi hajafa. Mtoto aliyetikiswa anaweza kufa.

TUZUIE KABLA YA KUTIBU

Mahali pa kuponda mawe pawe mbali na watoto, hatua 20 au zaidi, na anayeponda avae miwani.

Mpira wa mizigo, afunge mtu mzima, na mtoto asisimame upande wa pili.

Detonateri na mabaki ya baruti yasifike nyumbani hata siku moja. Mfundishe mtoto: ukiona, usiguse, ita mkubwa.

Manati yasielekezwe kwa mtu. Na mkanda ukae kiunoni, ndiyo kazi yake.

KUMBUKA, NDUGU

Pigo la jicho ni aksida, ingawa jicho halijapasuka. Mkalishe mtoto, kichwa juu, jicho lifunikwe bila kubanwa. Hakuna aspirini, hakuna majani, hakuna maziwa. Taja SS kabla hujaulizwa. Zile siku 5 za kwanza, mchezo hakuna.

Shimoni tunasema, usalama kwanza. Tuuseme hata uwanjani mwa nyumba. Dhahabu ikipotea mtoni, mtu anarudi kesho kuitafuta. Mshipa wa kuonea ukifa, hakuna karai litakalouokota.